Mwonjaji Mtarajiwa wa Chokoleti

Jumanne, 16 Septemba

Siku kubwa. Huenda ndiyo kubwa kuliko zote, ukiacha ya harusi yangu, ambayo nayo iliharibiwa na mvua.

Bi Mkuu anastaafu! Bi Mkuu ndiye mwonjaji wa kiwanda chetu cha peremende na chokoleti. Hakuna kitu kinachotoka getini kabla hakijapita ulimini mwake. Ana chumba chake peke yake, chenye ubaridi. Kiti cha kuzunguka. Koti jeupe. Glasi ya maji ya uvuguvugu. Anakaa, anamumunya, anatikisa kichwa, basi. Hiyo ndiyo kazi. Mimi nabeba katoni ghalani mpaka mgongo umeanza kulia kama mlango mbovu, na kumbe kuna mtu analipwa kwa kumumunya.

Meneja ametangaza kwamba nafasi itajazwa na mtu wa humuhumu ndani. Jaribio ni Jumamosi. Tutaonjeshwa ile chokoleti mpya, ya maziwa, yenye tofi na lozi, ambayo itaanza kuuzwa Jumapili. Anayejiamini anyooshe mkono. Wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi.

Mwingine aliyenyoosha ni Lebo. Huyu kazi yake ni kubandika lebo kwenye makopo, ndiyo sababu ya jina. Mtu wa maneno machache mno. Unaweza kula naye mchana wiki nzima usijue kama ana meno. Nimemhurumia. Mwonjaji asiye na maneno atawaambia nini watu?

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mke wangu akasema, bila hata kugeuka kwenye sufuria, kwamba juzi alisahau kabisa kutia chumvi kwenye mboga na mimi nikasifia. Nikamwambia nilikuwa namsitiri.

Kisha mama mkwe akapiga simu. Hapa niandike ukweli maana hakuna anayesoma: mama mkwe hajawahi kunikubali. Alitaka binti yake aolewe na mtu wa ofisini. Viatu vyangu vya harusi alininunulia yeye, na wala si kwa upendo. Hakutaka picha ziharibike. Mbele za watu hunitambulisha kama huyu anayebeba maboksi. Leo akaniuliza kazi inaendaje, kwa ile sauti yake ya kumjulia hali mgonjwa. Sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia nimepandishwa cheo. Mimi sasa ni mwonjaji.

Akasema atakuja Jumapili ajionee kwa macho yake.

Mke wangu alinitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hana imani huyu. Jumamosi nitashinda, na Jumapili itakuwa kweli. Uongo uliotangulia siku chache tu si uongo. Ni kuwahi.

Jumatano, 17 Septemba

Mazoezi. Mwonjaji lazima aifahamu bidhaa, na bidhaa imejaa ghalani kwangu hadi darini. Tatizo ni kwamba nzima haiguswi. Desturi ya kiwanda ni hii: chokoleti ikivunjika inatupwa kwenye pipa la kasoro, na kilichomo kwenye pipa la kasoro ni cha wafanyakazi.

Kwa hiyo nikaangusha katoni. Ajali niliyoipanga vizuri tu. Nikafungua kuangalia. Zote nzima! Tofi imezishika kama saruji. Nikapanda ngazi, nikaiangusha tena. Nzima. Nikaikalia. Ilikuwa katika hali hiyo, nimekaa juu ya katoni huku najirusharusha, ndipo msimamizi alipoingia. Akauliza nafanya nini. Nikasema napima uimara. Akasema katoni yote sasa ni kasoro, na kama kuna jambo linanisumbua nyumbani nisione haya kumwambia.

Lakini yangu nimepata. Imepinda kidogo, kwa kufuata umbo langu.

Jioni nikaonja kitaalamu, kama nilivyomwona Bi Mkuu akifanya nikichungulia dirishani. Kwanza unavunja kipande karibu na sikio. Chokoleti nzuri inalia kwa ukali. Yangu haikulia, ilikunjika, lakini hilo ni joto langu, si kosa lake. Kisha unanusa. Kisha unaweka kipande ulimini na kufumba macho. Hutafuni. Unasubiri. Maziwa yanakuja kwanza, mazito, yanajaza mdomo wote. Halafu tofi inajitokeza, tamu yenye chumvi kwa mbali, inang'ang'ania jino kama haitaki kwenda. Mwisho kabisa lozi.

Kuhusu lozi sina uhakika. Nilikuwa nimeshameza. Nikaanza upya na kipande kingine. Nikameza tena. Baada ya hapo nikajikaza, nikafika kwenye tofi, meno yakajifunga yenyewe na kutafuna. Mara nikaona chokoleti imeisha na mke wangu amesimama mlangoni. Sikumwachia hata punje. Nikamweleza ilivyokuwa, kwa maneno mazuri sana. Akasema asante, ameshiba.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo nimemshughulikia Lebo.

Kila mtu kiwandani anajua mwiko wa chumba cha kuonja: hakuna kitunguu, hakuna kahawa, hakuna manukato, na mnanaa ndio adui mkubwa kuliko wote. Mnanaa ukishaingia mdomoni, ulimi umekufa hadi kesho yake. Nikanunua pipi za mnanaa, zile kali, za watu wenye kikohozi cha kukata tamaa. Mpango wangu ulikuwa kumzoesha leo, ili Jumamosi asubuhi azitake mwenyewe.

Nikamkuta kwenye kantini anakula taratibu kama mtu anayehesabu mchele. Nikamkaribisha pipi. Akauliza za nini. Nikasema za koo. Akasema koo lake ni zima. Nikala moja mbele yake aone hazina neno. Akatabasamu tu. Nikala nyingine kwa furaha kubwa zaidi, machozi yakinitoka. Hapo akanionea huruma, akachukua konzi nzima, akatia mfukoni, akasema atawapelekea wanawe. Ahsante sana kaka, una moyo mzuri.

Chai ya mchana ilikuwa na ladha ya dawa ya meno. Mboga ya jioni pia.

Usiku wa leo ndio mke wangu aliochagua kunipima! Akanifunga kitambaa machoni, akanitilia kitu mdomoni, akataka nieleze. Nikamumunya. Nikasema: maziwa ya ng'ombe aliyetunzwa, tofi iliyopikwa kwa subira, na lozi zilizokaangwa vizuri, labda zimezidi moto kidogo. Nikafungua kitambaa. Lilikuwa ganda la mkate alilolinyunyizia sukari.

Alicheka mpaka akakaa chini. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo, na kwa kweli nilifurahi, kisha nikakumbuka anamcheka nani. Alipotulia akafuta macho na kusema kwa upole kwamba nimpigie mama yake simu, nimwambie ukweli, ingali Alhamisi. Nikamjibu kwamba mtu anayekimbilia kusema ukweli mapema anaonyesha hajiamini.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeipata siri ya jaribio! Niko roho kwatu.

Jaribio lenyewe linajulikana. Unaletewa vipande kwenye visahani, viwili vinafanana na kimoja ni tofauti. Unakitaja kilicho tofauti, unasema kimezidi nini au kimepungua nini. Ndivyo Bi Mkuu alivyopatikana enzi zake. Kwa hiyo sihitaji ulimi. Nahitaji habari.

Habari ziko kwa Mkaangaji, anayekaanga lozi kwenye lile pipa kubwa linalozunguka. Huyu hasemi kitu bure. Akataka kwanza nimsugulie pipa kwa ndani. Nikaingia kichwa na mabega, nikatoka nimekuwa mweusi, nanuka kama jiko. Hapo akafungua mdomo: Jumatano alisinzia, mkupuo mmoja wa lozi ukaungua. Bi Mkuu akaja mwenyewe, hakufoka, akachukua trei nzima ya zilizoungua akaondoka nayo kimya kimya.

Basi! Anataka za nini kama si za jaribio? Kipande tofauti kitakuwa na lozi zilizoungua. Mkaangaji akaanza kusema kwamba yeye hajui kuhusu jaribio, lakini nilikuwa nimeshaondoka.

Jioni nimetunga hotuba yangu mbele ya kioo. Kuna moshi wa mbali. Kuna uchungu unaochelewa kama mgeni aliyepotea njia. Nilipofika kwenye uchungu mke wangu akaenda kulala.

Kabla ya hapo, njiani kurudi nyumbani, nilikutana na Lebo. Nikamwambia, kwa ubinadamu tu, asiumie sana kesho. Akasema hajalala vizuri. Macho yake yanachoka na gundi. Mvuke wake unamtoa machozi kutwa, na daktari amemwonya. Akikosa hii, hajui atabandika hadi lini. Nimeguswa. Nimeguswa hadi nilipofika kona ya kwetu.

Jumamosi, 20 Septemba

Ngoja nipumue kwanza.

Nilivaa viatu vya harusi kwa ajili ya bahati. Kimoja kamba yake ilikatika zamani, nimekitilia kamba ya katoni, lakini kwa mbali haionekani. Tukaingia chumba cha baridi, mimi na Lebo, Bi Mkuu upande mmoja na meneja upande mwingine. Koti jeupe limetundikwa ukutani. Nililitazama kama mtu anavyomtazama mchumba.

Visahani vikaletwa. Nikaomba kuanza. Kwa kuwa jibu nilikuwa nalo, sikuona haja ya kumumunya. Nikatafuna vyote harakaharaka, nikakichagua cha katikati kwa sababu kilikuwa cheusi zaidi kwenye ukingo, nikasimama. Nilitoa hotuba. Moshi wa mbali. Mgeni aliyepotea njia. Nikaongeza hapohapo kwamba lozi hizi zimesahauliwa na mkono uliokuwa na usingizi. Bi Mkuu alikuwa amefumba macho. Nikadhani amekolea.

Zamu ya Lebo. Alichukua muda, jamani! Alivunja sikioni, akanusa, akamumunya, akanywa maji, akarudi kwenye cha kwanza, akaenda cha mwisho, akarudi tena. Jasho likamtoka katika baridi ile. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba radhi, labda ulimi wake umechoka, lakini haoni tofauti. Vyote anaona ni sawa. Niliinamisha uso ili nisishuhudie aibu yake.

Bi Mkuu akafumbua macho. Akasema ni kweli, vyote ni sawa. Vimetoka kwenye chokoleti moja, ameivunja yeye mwenyewe asubuhi. Akasema kuonja tofauti watu wengi wanaweza, lakini kazi yenyewe ni kukaa mbele ya wakubwa wanaosubiri neno, ukasema hakuna kitu.

Nikauliza, na lozi zilizoungua je? Akashangaa nimejuaje. Akasema anazipenda, anatafuna na chai kwake. Meneja akakohoa akageukia ukutani. Baadaye ndipo nikaelewa hakuwa anakohoa.

Lebo alivalishwa koti. Limemkaa kama alizaliwa nalo. Akaja kunishika mkono wakati mimi nataka kulia, na naandika hivi bila kutia chumvi: nilitaka kulia kabisa. Koti ningeweza kulisahau. Lakini kesho mama mkwe anakuja.

Meneja akanivuta pembeni. Akasema mdomo kama wangu usipotee bure. Kesho chokoleti inazinduliwa supamaketi, na kijana wa kuchangamsha wateja ameteguka mguu. Kazi ni kuvaa vazi la lozi, lozi kubwa ya sponji, na kugawa vipande vya kuonja. Nani atanijua? Hakuna, uso hauonekani. Akili yangu ikaamka papo hapo. Nikiwa lozi, siko nyumbani. Nisipokuwa nyumbani, mama mkwe hana wa kumhoji.

Nikamwomba mke wangu amwambie mama yake nimeitwa ghafla kuonja. Amekataa katakata. Amesema atamwambia niko supamaketi kwa shughuli ya chokoleti, wala hataongeza neno. Sawa. Hata hivyo inasikika vizuri.

Jumapili, 21 Septemba

Ndani ya lozi kuna joto la tanuri. Kuna tundu moja la kuonea, lililoko usawa wa pua. Mikono inatoka ubavuni, miguu kuanzia magotini. Huwezi kukaa. Ukijikuna, unakuna sponji. Mtu mmoja aliniegemea akizungumza na simu.

Lakini nilichangamsha! Nilisema maneno yangu yote ya Ijumaa, ukiacha yale ya moshi. Watu walikuwa wanachukua vipande na kucheka. Nikaanza kuona kwamba kipaji hiki kilikuwa kinapotea ghalani.

Halafu kupitia tundu nikaona kilemba ninachokijua. Mama mkwe, na mke wangu nyuma yake, anatazama dari.

Nikanyamaza. Lozi nzima ikanyamaza. Akaja mpaka mbele yangu, akachukua kipande kwenye trei. Akakivunja karibu na sikio. Hakuna aliyemfundisha! Akanusa. Akatia mdomoni, akafumba macho, akasubiri. Hakutafuna. Nikasimama pale nadondokwa na jasho, na watu wanangoja nyuma yake. Alipomaliza akasema maziwa ni mazuri, tofi haikuzidi, lozi zimekaangwa zikatosha. Basi. Maneno hayo tu, na kila moja lilikuwa kweli.

Kisha akawageukia waliokuwa kwenye foleni, akawatangazia kwa sauti kwamba mkwe wake ndiye mwonjaji wa chokoleti hii. Alisema mkwe wangu. Hakutaja maboksi. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akinitamka hivyo mbele za watu. Nililia kidogo mle ndani; kwa jasho lile, machozi hayakuonekana.

Akasogea. Akaweka jicho kwenye tundu, jicho kwa jicho na mimi, akashusha sauti.

"Mdomo wako mzuri, mwanangu. Ila hauonji. Unasema tu."

Nikasema, kwa sauti ya kukwaruza isiyo yangu, mimi ni lozi.

"Lozi gani inafunga kiatu kwa kamba ya katoni? Na kiatu chenyewe nilichagua mimi." Akapumua. "Nimeshawaambia wanawake wote wa mtaani kwangu kwamba mkwe wangu ni mwonjaji. Nilifurahi, mwenzako, ndipo nikasema. Sasa huu uongo ni wetu wawili, na mimi ni mtu mzima, sijui niufiche wapi."

Akachukua kipande kingine, akampa binti yake. Mke wangu akakimumunya mpaka mwisho, akiniangalia. Ndiyo mara yake ya kwanza kuionja. Akasema ni tamu kweli.

Niliona aibu. Aibu hasa, ile ya kuchoma masikio. Nilitaka kuvua lozi palepale nimwombe radhi, lakini zipu iko mgongoni, na lazima ifunguliwe na mtu mwingine. Wakaondoka. Mteja aliyefuata akataka kujua kama ina sukari nyingi, ikabidi nichangamke.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimetafakari usiku kucha. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake.

Kosa lilikuwa viatu.

Ukiangalia mpango wote, hauna dosari. Sauti niliibadilisha. Uso haukuonekana. Kama ningevaa ndala, mama mkwe angerudi kwake ameridhika na mimi ningekuwa mwonjaji hadi leo.

Asubuhi Lebo alishuka ghalani na koti lake, macho yake yameanza kupona. Kaniletea chokoleti nzima kutoka mezani kwake, zawadi, kwa zile pipi nilizowapa wanawe. Nilikusudia kumpelekea mke wangu. Lakini Lebo ni mgeni kwenye kazi na nikaona nimpe maoni ya kitaalamu, nikaonja ncha moja, kisha ncha ya pili ili kulinganisha. Nikamweleza kirefu jinsi ncha hizo zinavyotofautiana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Mtu anajifunza yule. Chokoleti imeisha.

Jioni mama mkwe akapiga simu. Sauti ya chini, ya mtu mwenye mzigo. Wanawake wa mtaani kwake wanataka kuja kiwandani Jumamosi kumwona mwonjaji akiwa kazini. Amefikiria. Amesema atawaambia nimesafiri, na baada ya muda wataanza kusahau, nasi tutapumzika. Nikubali tu, basi, yaishe. Alisema hivyo kwa upole, akaniita mwanangu kwa mara ya pili katika maisha yetu.

Mke wangu alikuwa amekaa karibu, anasikia. Akanishika mkono. Akaitikia kwa kichwa kunihimiza niseme ndiyo.

Nikamwambia mama mkwe waje wote.

Koti nitaazima kwa Lebo. Viatu, kwa jirani.